Beleshi la Theluji la Nainai

Majira yale ya baridi chumba cha baba kilinuka mafuta ya karafuu, ukungu wa ukutani na blanketi lisilokauka. Watu wa nyumbani wakisikia China na baridi kwa pamoja huwaza theluji, wakakuuliza kama uliwahi kuikanyaga. Guangzhou haina theluji. Ina baridi ya maji: mvua nyembamba inayoshuka wiki nzima bila ngurumo, nguo zinazokaa kwenye kamba siku tano na bado ukizishika zina unyevu, na nyumba zisizo na mabomba ya joto kama zile za kaskazini. Jambo ambalo wenyeji wanalijua tangu utotoni, na sisi tulichelewa mno kulijua, ni kwamba siku nyingi za Januari ndani kuna baridi kuliko nje. Nje, ikifika saa tatu asubuhi, jua hutoka, dogo na la manjano, likapasha ukuta mmoja wa uwanja. Ndani sakafu ya vigae hung'ata nyayo mpaka jioni. Sisi watu wa Dar es Salaam tulijifungia ndani tukidhani tunaikimbia baridi, kumbe tumeingia nayo na mlango tumeufunga wenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi. Tuliishi ghorofa ya tatu ya jengo la zamani lisilo na lifti, nyuma ya mtaa wa Dengfeng, karibu kiasi kwamba harufu ya nyama ya kondoo ya wauza mishikaki ilipanda hadi jikoni kwetu. Baba yangu, Hemedi, alikuwa mfanyabiashara wa mikoba ya kike. Mara mbili kwa wiki alikwenda Shiling kwenye viwanda vya ngozi, na mama alikaa katika ofisi yetu ya jengo la Tianxiu, chumba kimoja kilichojaa maboksi hadi darini, akipokea wateja waliotoka Kariakoo, Mwanza na Unguja. Baba hakuwa msomi, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa na elimu yake. Aliuchukua mkoba, akafumba macho, akapitisha kidole gumba kwenye mshono, na akisema "hapa" ujue hapo uzi umeruka. Mafundi wa Shiling walimheshimu kwa ajili ya kidole hicho. Mimi nilijivuna nacho shuleni, nikawaambia wenzangu wa Kichina kwamba baba yangu ni bosi mkubwa, laoban wa malaoban, na kwamba kiwanda kizima husimama akifumba macho. Mtoto akipata cha kujivunia huongeza chumvi, na mimi niliongeza gunia.

Mwezi wa Novemba, alfajiri, baba alianguka bafuni akichukua udhu. Kilikuwa kiharusi, si kikubwa sana, lakini kiliushika upande wa kulia. Alilala hospitali wiki mbili, akarudi nyumbani akiburuta mguu na mkono ukiwa umelegea ubavuni kama nguo isiyo na mwenyewe. Mama alijua Kichina cha sokoni tu, na baba alijua pungufu ya hapo: tarakimu, bei, na maneno machache ya kuvutana na wauzaji. Kwa hiyo mimi, niliyesoma shule ya Kichina, ndiye niliyesimama mbele ya daktari na kutafsiri. Nakumbuka kila neno, kwa kuwa nilijiona mtu mzima siku ile. Daktari alisema miezi mitatu ya mwanzo ni dhahabu. Mkono ukifanyishwa kazi sasa utarudi; usipofanyishwa utajikunja, na ukishajikunja hakuna atakayeukunjua. Mama akatikisa kichwa akasema, "Samaki mkunje angali mbichi." Tukaondoka pale tumeelewa vizuri kabisa. Siku zote nimesema, kuelewa hakujawahi kumponya mtu.

Kilichoniuma zaidi nyumbani kilikuwa chakula. Mwislamu wa pwani hula kwa mkono wa kulia; hilo mtoto hufundishwa kabla hajajua kusema, na mimi baba mwenyewe ndiye aliyekuwa akinipiga kikofi chepesi kila nilipopeleka wa kushoto kwenye sahani. Sasa yeye ndiye aliyekula kwa kushoto, kwa kijiko, amegeukia ukuta ili tusimwone. Hakuja tena mkekani. Wageni waliofika kumjulia hali walikaribishwa chai, naye akasema ameshakula. Mama alitaka mkono ule urudi ili biashara irudi. Baba mwenyewe, nilimsikia akimwambia mama, hakuitaka biashara kwanza. Alitaka siku moja tu aketi na watu, atie mkono kwenye sinia, ale.

Katika nyumba ya chini kabisa ya jengo letu alikaa bibi mmoja wa Kichina ambaye watoto wote tulimwita Nainai, yaani bibi. Hakuwa mwenyeji. Alitoka kaskazini ya mbali, karibu na mpaka wa Urusi, na kila ikianza baridi alishuka kwa treni kuja kukaa kwa mwanawe hadi baada ya mwaka mpya wao, kama wafanyavyo wazee wengi wa huko. Mwaka ule alikuja na beleshi la theluji. Lilikuwa ubao mpana wenye mpini mrefu kunizidi, na ukingo wake umefungwa bati. Alilisafirisha siku mbili kwenye treni, limefungwa kwa shuka, na mwanawe aliona haya hata kumsaidia kulibeba kutoka stesheni. Jiji zima lilikuwa halijaona theluji tangu watu wazaliwe, naye amekuja na beleshi lake. Watoto tulicheka hadi tukakaa chini.

Siku moja nilipokuwa nikishuka kununua mkate aliniuliza yule mjomba mrefu, yaani baba, amekwenda wapi, mbona hashuki tena. Nikamweleza. Hakusubiri kualikwa. Alipanda ngazi zote, akampita mama mlangoni, akakaa kitandani kwa baba na kumminya mkono kuanzia begani hadi vidoleni kama mtu anayechagua kuku. "Nyama bado ipo," akaniambia. "Mwambie nimemzika mume kwa sababu ya beleshi, na huyu nitamwinua kwa beleshi hilo hilo." Nikatafsiri. Baba akacheka, mara ya kwanza tangu Novemba, na mdomo wake ukapinda upande mmoja.

Habari za mumewe alinihadithia baadaye, kwa vipande vipande, tukiwa tumekaa juani. Usiku mmoja theluji ilianguka hadi magotini. Mumewe aliamka, hakunywa hata maji ya moto, hakujinyoosha viungo, akatoka na nguo nyepesi kwa kuwa alitaka amalize njia kabla majirani hawajafungua milango wakamwona mvivu. Alijaza beleshi mpaka juu, akainua kwa mgongo, akatupa nyuma ya bega, tena na tena bila kupumzika. Jirani alimkuta amelala kifudifudi, mpini bado mkononi. "Theluji haikumwua," Nainai alisema. "Aliuawa na haraka, na kuogopa majirani." Tangu mwaka ule alisafisha njia yake mwenyewe, baridi baada ya baridi, na hakuna hata siku moja aliyoishiwa pumzi.

Shule ilipofunga kwa likizo ya baridi, tukaanza. Uwanjani kulikuwa na lundo la mchanga waliloliacha mafundi wa mitaro waliokwenda kwao kwa ajili ya mwaka mpya, na mchanga huo ndio uliokuwa theluji yetu. Nainai hakumruhusu baba kushuka kabla jua halijafika uwanjani. Alimkagua nguo kama askari: fulana ya ndani, sweta, koti lisilobana, skafu shingoni, na kofia ya sufu ambayo baba aliivaa juu ya kofia yake ya kawaida, akaonekana ana vichwa viwili. Kushuka ghorofa tatu kulituchukua karibu nusu saa, mimi mbele, mama nyuma kabla hajakwenda ofisini. Chini, kwanza maji ya uvuguvugu, kisha kupiga hatua papo hapo mpaka masikio yapate joto. Ndipo Nainai akaufunga mkono wa kulia wa baba kwenye mpini kwa kipande cha khanga kuukuu ya mama, akasimama nyuma yake.

Kazi yenyewe mtu wa haraka angeiona mchezo. Sukuma, usiinue. Ukilazimika kuinua, chota nusu ya ubao, piga magoti, nguvu itoke mapajani, na ukitaka kugeuka geuka na miguu yako, usisokote kiuno. Masukumo kumi, kisha pumzika hata kama hujachoka. Hesabu kwa sauti, kwa sababu asiyeweza kusema na kufanya kazi kwa wakati mmoja amepita kiwango chake na lazima aache. Baba alihesabu kwa Kichina, kwa kuwa tarakimu ndizo alizozijua kuliko chochote, na Nainai alimtania: "Laoban, leo unanunua theluji tani ngapi?" Baba akataja idadi, bibi akasema ghali, wakavutana bei pale pale, mmoja na beleshi na mwingine na fimbo, na mchanga ukahama kutoka ukuta wa mashariki kwenda wa magharibi. Kesho yake waliurudisha. Mlinzi wa jengo alilalamika kwamba anatiwa wazimu. Haba na haba hujaza kibaba, na sisi tulikuwa tunakijaza na kukimwaga kila siku, na kila siku ule mkono uliofungwa khanga ulizidi kuukamata mpini wenyewe.

Ijumaa ya wiki ya tatu mama alipika wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Baba akaja mkekani, polepole, bila kuitwa. Akatia vidole vitatu vya mkono wa kulia kwenye sinia. Alikusanya wali kwa muda mrefu sana, akauinua, nusu ukamwagika kwenye shati, nusu ukafika. Akatafuna amefumba macho. Mama alijifunika uso kwa mtandio. Mimi nikacheka kwa furaha, nikaokota chembe za wali kifuani kwa baba nikazila, na ikiwa kuna saa moja ya utoto wangu ambayo ningeirudia nikiambiwa nichague, ni ile.

Lakini uwanja wetu ulikuwa na njia ya mkato, na watu wa Dengfeng hawapendi njia ndefu. Wafanyabiashara wenzake baba walipita na mifuko yao myeusi kwenda na kurudi, wakamwona Hemedi, bosi wa mikoba, amevaa kofia mbili anazoa mchanga huku bibi wa Kichina amemsimamia na fimbo. Wengine walisimama kumpa salamu, wengine walijifanya hawajaona, ambao ndio wabaya. Kufikia jioni habari ilikuwa imeshafika Tianxiu, imeota miguu: Hemedi amefilisika, sasa ni kibarua wa Wachina. Rafiki yake mmoja wa tangu Kariakoo alikuja akakaa nasi, akanywa chai, akamwambia kwa upole, "Kaka, ujifiche kidogo. Watu wanaongea." Baba akajibu, "Waache waongee," lakini siku iliyofuata alihesabu kwa sauti ya chini.

Na mimi, ambaye sikuwa na mteja wala mzigo wa kupoteza, niliona haya kuwashinda wote. Watoto wa uwanja ule tulisoma pamoja. Walikuwa wamesikia habari za laoban wa malaoban, sasa wakamwona. Walijipanga ukutani kula karanga na kutazama, wakahesabu pamoja na baba, wakiiga sauti yake na mdomo wake uliopinda. Wakaniita binti wa mzoa mchanga. Sikupigana nao. Laiti ningepigana. Nilianza kusimama mbali kidogo na baba, kisha mbali zaidi, kisha nikawa nasema nina kazi za shule.

Hapo ndipo alipofika Shangazi Mwanaisha kutoka Magomeni, dada mkubwa wa baba, aliyekuja kumwuguza. Alikuja na masanduku mawili: moja la nguo, moja la dawa, tangawizi, mchaichai na chupa za mafuta ya karafuu zilizofungwa kwa soksi. Asubuhi yake ya kwanza aliamka akamkosa ndugu yake kitandani. Alichungulia dirishani, akamwona chini, na ukelele alioupiga ulisikika mpaka barabarani.

"Amepigwa na upepo, nanyi mnampeleka upeponi akapigwe tena?"

Kwa maana kwetu pwani kiharusi hakitoki kwenye mshipa wa kichwa kama alivyosema daktari. Ni upepo mbaya, unakupitia, unakupiga upande mmoja. Ajabu ni kwamba Wachina nao wanakiita hivyo hivyo, kupigwa na upepo, na Nainai alipotafsiriwa kelele zile alikubali kila kitu: ndiyo, upepo, ndiyo maana ana kofia mbili na skafu. Lakini shangazi hakuwa ameuliza swali. Alishuka akamfungua baba khanga mkononi, akaitupa mchangani, akampandisha juu, akampaka mafuta, akamfunika mablanketi matatu, akaziba nyufa za dirisha kwa magazeti. "Mgonjwa ni wa kulala, mwanangu," aliniambia. "Kazi zina wenyewe. Hivi unataka baba yako aonekane mtumwa?" Mama alijaribu. Alisema habari za daktari, za miezi ya dhahabu, za wali wa Ijumaa. Lakini wifi mkubwa ni wifi mkubwa, na mama ndiye aliyekuwa ofisini kuanzia asubuhi hadi jioni. Shangazi ndiye aliyekuwa nyumbani. Nisimsingizie marehemu: alimpenda ndugu yake. Alikesha naye, akamlisha kwa mkono wake, akampangusa mdomo. Alimpenda mpaka vidole vikaanza kulala.

Siku ile baba hakushuka tena. Kesho yake Nainai alipanda na beleshi lake, akagonga. Shangazi akanituma niseme amelala. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu ilikuwa siku ya jua, jua zuri kuliko yote ya mwezi ule, na shangazi alikuwa ametoka na mama kwenda kununua nyama ya halali. Nilikuwa peke yangu sebuleni. Baba alikuwa chumbani, mlango umerudishwa tu. Nainai akagonga, nikafungua. Alikuwa amelishika beleshi kwa mkono mmoja na kipande cha khanga kwa mkono mwingine, kimefuliwa na kukunjwa.

"Leo jua limetoka," alisema. "Na yule mwenye kelele nimemwona akiondoka. Kamwulize baba yako, anakuja?"

Nieleze vizuri hapa, kwa kuwa ndipo palipo na jambo lote. Hakuna aliyenituma. Shangazi hakuwepo, mama hakuwepo, na chumba cha baba kilikuwa hatua sita kutoka pale niliposimama. Uwanjani chini nilisikia watoto wameshajipanga ukutani. Mmoja alikuwa anahesabu kwa ile sauti ya kupinda, wengine wanacheka. Nikawaza nitakavyoshuka ngazi zile mbele yao. Nikamtazama Nainai usoni nikamwambia, "Bu yao. Hataki. Amesema usije tena."

"Amesema mwenyewe?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Nadhani alijua mtoto anayesema uongo anavyofanana, amelea wanne. Lakini mimi ndiye niliyekuwa ulimi wa nyumba ile, na asingeweza kuupita ulimi. "Mkono utajikunja," alisema tu, si kwa hasira. Kile kipande cha khanga alikiweka juu ya rafu ya viatu, akashuka, na ule ubao uligonga kila ngazi mpaka chini. Mwaka mpya wao ulipokwisha alirudi kaskazini. Mwaka uliofuata hakuja. Mwanawe alihama, na sikupata hata jina lake kamili la kumwulizia.

Mkono ulijikunja. Kufikia Aprili vidole vilikuwa vimeingia kiganjani, na daktari yule yule alijaribu kuvifungua, akaacha, akaniambia niwaambie wakubwa kwamba muda umepita. Nikatafsiri. Baba hakurudi Shiling. Kabla mwaka haujaisha aliondoka na shangazi kwenda Magomeni, na mama akabaki na mimi na maboksi. Mficha maradhi kilio humfichua, na kwetu kilio hakikuja kwa msiba bali kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki miaka na miaka, akilishwa.

Sasa ofisi ya Tianxiu ni yangu. Mama amepumzika, shangazi amefariki, na uwanja ule umewekewa vigae na vyuma vya mazoezi vya rangi ya bluu na njano. Kila asubuhi ya baridi, jua likifika, wazee wa Kichina hujitokeza wamejifunga skafu, wakazungusha mikono, wakacheza ngoma zao za redio, wakatembea kinyumenyume bila kumwogopa mtu. Sisi tumo ndani tumewasha hita, tunatoka Machi tukilalamika magoti. Huwaambia wenzangu: funika kichwa na shingo, ngoja jua, toka, jongea. Hunijibu, "Wewe umeshakuwa Mchina." Binamu yangu anayesoma kaskazini alinitumia picha akizoa theluji mbele ya bweni, beleshi limejaa hadi linamwagika, ametabasamu. Nilimpigia simu nikamtukana hadi akadhani nimechanganyikiwa. Nusu, nilimwambia, chota nusu, na kwanza unywe kitu cha moto, na ukiona huwezi kuongea na mimi huku unasukuma, weka chini uingie ndani. Namkemea kwa sauti ambayo nilipaswa kuwa nayo nikiwa na miaka kumi, na hainifai kitu sasa. Nchi hii ilinipa miezi mitatu ya dhahabu na mwalimu wa bure mlangoni, nami nilivifukuza vyote kwa maneno mawili. Nikipita pale saa tatu asubuhi na kuwaona wazee wale wenye afya, siwapendi. Najua si haki. Siwapendi hata hivyo.

Kwa miaka kumi na tisa niliamini kwamba baba anadhani Nainai alimchoka na kumwacha. Hakuwahi kumtaja. Mwaka jana nilikwenda Magomeni, na mchana mmoja tulikuwa wawili tu, nimekaa mbele ya kiti chake na sahani ya wali, ninamlisha. Sijui kilichonisukuma. Pengine ni ile ngumi iliyolala pajani mwake, kucha za ndani ambazo lazima zikatwe kwa subira kila wiki zisimchome kiganja.

"Baba," nikasema, "yule bibi hakukutupa. Ni mimi niliyemwambia hutaki. Wewe sikukuuliza."

Akamaliza kutafuna kwanza. Mate yalimshuka upande mmoja, nikayapangusa.

"Najua," alisema. "Nilikuwa macho. Bu yao nilikuwa ninaambiwa sokoni mara mia kwa siku, mama. Nisilijue?"

Nilimwuliza, na sauti yangu haikuwa ya adabu, kwa nini basi hakuniita. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Ni hatua sita. Angesema neno moja tu.

"Blanketi lilikuwa na joto," alisema baba yangu. "Na wale watoto walikuwa wananicheka. Nilisema alhamdulillahi, mtoto amenisemea."

Kwa hiyo alijua. Alijua nilipokuwa na miaka kumi na sikuweza kulala, alijua nilipokuwa na miaka ishirini na nikakataa kila aliyenitaka kwa kuwa nilijiona si mtu wa kuaminiwa na mgonjwa, alijua kila nilipotuma dawa, kiti, godoro, akapokea vyote kwa dua ndefu na hakunipunguzia hata robo ya mzigo uliokuwa nusu wake. Nilimtazama mzee yule nikatafuta huruma ndani yangu, na sikuipata. Yeye alishamaliza kunitazama. Aliutazama wali, akafungua kinywa, akangoja.